Maji Yaliyokuwa Ndani ya Chumvi

Nilipima gramu 1 ya chumvi ambayo sikulisoma jina lake hadi mwisho, nikaiyeyusha katika lita 1 ya maji, na kwa majuma kadhaa nikawaandikia watu wenye malaria kwamba hawana malaria. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji, tutakapofika kwenye hesabu na kemia, asidhani natafuta pa kujificha. Chupa haikuwa na kosa. Aliyetuletea hakuwa na kosa. Maelekezo yaliyobandikwa ukutani, juu kidogo ya mizani, yalikuwa sahihi kila neno. Aliyekosa ni mimi, tena nilikosa mara mbili, na mara ya pili ndiyo inayoninyima usingizi zaidi.

Nafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya hapa Sultan Hamud, kaunti ya Makueni. Kituo sikitaji kwa kuwa wenzangu wa pale hawana sehemu katika jambo hili. Wagonjwa hutuita madaktari sisi tunaokaa nyuma ya kidirisha cha maabara, ingawa dawa hatuandiki. Sisi tunaandika majibu, tabibu anayasoma, kisha yeye ndiye anayeamua. Mgonjwa hamjui aliyeitazama damu yake, na tabibu hana namna ya kukiona nilichokiona mimi kwenye hadubini. Akisoma kwamba hakuna vimelea, anaiacha malaria na kwenda kutafuta chanzo kingine cha homa. Neno langu linamgeuza njia.

Mji wetu ni wa wapita njia tangu ulipozaliwa. Jina lake ni la Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, na ulikua kando ya stesheni ya reli ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Vibarua karibu 2,500 waliotoka India walikufa katika ujenzi mzima wa reli hiyo, na homa ya malaria ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowaandama. Leo wapitao ni malori. Yanatoka bandarini Mombasa, yanaegesha hapa usiku, alfajiri yanaondoka kwenda Nairobi, Malaba, Kampala na hata ng'ambo ya hapo. Ndani yake wamo madereva na utingo waliolala Mariakani juzi na watakaolala Busia kesho kutwa. Mtu wa namna hiyo hupima damu mara moja tu kwako. Humwoni tena.

Hilo lina maana kubwa kwa malaria. Huku kwetu Ukambani si Kisumu wala Kwale, ambako mtaalamu wa maabara huona vimelea kila siku hadi jicho linazoea. Nchi ni kavu, mvua ni za msimu, na miezi hupita ambapo slaidi baada ya slaidi haina kitu. Wanaopatikana na vimelea wengi ni wasafiri, au watoto waliokwenda kwa jamaa zao Pwani na Nyanza wakarudi shule zinapofunguliwa. Kwa hiyo majibu matupu yakifuatana, mtu wa maabara wa hapa hashtuki. Angekuwa Kisumu, siku mbili zingetosha kumtia wasiwasi. Hapa mimi niliona ni kiangazi tu kimeingia.

Sasa nieleze chumvi yenyewe, kwa maana bila kuijua hamwezi kunihukumu sawasawa.

Damu ya mgonjwa tunaiweka kwenye kioo kwa namna mbili, tone nene na utando mwembamba, kisha tunaitia rangi ya Giemsa. Rangi hii imepewa jina la Gustav Giemsa, mkemia aliyeitengeneza kule Hamburg na kuitangaza mwaka 1904. Ndani yake mna rangi za namna mbili zinazovutana. Moja ni ya buluu, nayo hushika vitu vyenye asili ya asidi, kama vile kiini cha kimelea na mwili wake. Nyingine ni eosini, nyekundu, nayo hupenda himoglobini ya chembe nyekundu. Kimelea kilichotiwa rangi vizuri kina kiini chekundu kilichokolea na mwili wa buluu safi, mara nyingi katika umbo la pete ndogo. Ni kitu cha kupendeza macho hata kama ni adui.

Lakini mvutano huo unategemea maji ambayo rangi imechanganywa nayo. Maji yakiwa na asidi zaidi ya inavyotakiwa, buluu hulegea na nyekundu hutawala. Yakiwa ya magadi, kila kitu huwa cha buluu. Kwa malaria tunataka pH ya 7.2. Kipimo hicho cha pH kilibuniwa na Sørensen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1909, na kila nikifundisha mwanafunzi humwambia kwamba hatua moja ndani yake ni mara kumi ya asidi, kwa hiyo nukta chache tu si jambo dogo. Nilikuwa nikilisema hilo kwa ufasaha sana.

Maji ya bomba hayafai, na maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvichumvi ambayo hata chai huitambua. Tunatumia maji yaliyotoneshwa, halafu tunayatia chumvi mbili za fosfeti ili pH yake isimame mahali pamoja. Ya kwanza ni potasiamu daihaidrojeni fosfeti, KH₂PO₄, inayoelekea upande wa asidi. Ya pili ni disodiamu haidrojeni fosfeti, Na₂HPO₄, inayoelekea upande wa pili. Ukiongeza asidi kidogo, ile ya pili inaimeza. Ukiongeza magadi, ile ya kwanza inayazima. Maji hayo tunayaita bafa. Kiasi cha chumvi moja kwa nyingine ndicho kinachoamua pH itasimama wapi, na maelekezo yetu yanasema gramu 0.7 ya ile ya potasiamu na gramu 1.0 ya ile ya sodiamu kwa kila lita. Baada ya neno disodiamu yanasema pia: isiyo na maji.

Chupa ya zamani iliisha. Ikaja mpya, ya kampuni nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Niliifungua, nikaona kilichomo si unga mweupe niliouzoea. Zilikuwa fuwele zenye kupenyeza mwanga, kama vipande vya kioo kilichopondwa. Naapa niliziona. Nilizigeuza kwa kijiko nikajiambia huu ni usafi wa hali ya juu zaidi. Kwenye lebo nilisoma neno disodiamu, nikasoma fosfeti, nikaridhika. Mbele yake palikuwa na nukta, na mbele ya nukta pameandikwa 12H₂O.

Nukta ile ndiyo yote. Chumvi hii huuzwa kwa sura kadhaa. Kuna kavu kabisa, kuna yenye molekuli 2 za maji, kuna ya 7, na kuna ya 12. Maji hayo hayalowanishi kitu. Yamefungwa ndani ya fuwele yenyewe, ukizishika vidoleni zimekauka. Lakini kwenye mizani yana uzito. Mkulima wa ndengu wa hapa Makueni anaelewa jambo hili kuliko nilivyolielewa mimi: akipeleka sokoni ndengu ambazo hazijakauka, mnunuzi mjuzi hukataa kulipia kilo za maji. Molekuli ya chumvi kavu ina uzito wa 141.96. Ile ya maji 12 ina uzito wa 358.14. Gawanya, utapata 2.52. Maana yake, katika gramu 1 niliyopima kwa uangalifu wote, nikishusha pumzi ili upepo usiyumbishe mizani, zaidi ya gramu 0.6 ilikuwa maji. Fosfeti niliyoitaka ilikuwa chini ya nusu.

Chumvi ya upande wa asidi ilibaki vilevile, ya mwenzake ikapungua. Fuata hesabu: sehemu iliyozuia asidi ilipungua mara 2.52, basi asidi ndani ya maji iliongezeka mara hizo hizo 2.52. Kwa kipimo cha Sørensen hiyo ni nukta 0.4. Bafa yangu haikuwa 7.2. Ilikuwa 6.8.

Msomaji ambaye amewahi kufanya kazi ya maabara tayari ameshika kichwa, kwa sababu 6.8 si namba ya ovyo. Ndiyo pH ambayo wanaosoma chembe za damu huipenda. Ukitaka kuona chembe nyeupe za damu katika uzuri wake, viini vilivyokolea, chembechembe za ndani zikihesabika moja moja, unatia rangi kwa bafa ya 6.8. Laiti ningekosea zaidi! Ningekosea hadi 5, slaidi zingekuwa nyekundu kama udongo wa Kasikeu na mtoto angeuliza kulikoni. Mimi nilikosea hadi mahali panapopendeza. Slaidi zangu za majuma yale zilikuwa nzuri. Nilizitazama nikajisifu moyoni kwamba chupa mpya ni bora kuliko ya kwanza. Chembe nyeupe zilisimama vizuri mno, na huku nyuma vimelea vichache, vile vya mwanzo wa ugonjwa, mwili wao umepauka hadi kukaribia kutoweka, vilikuwa vinapita chini ya jicho langu.

Vilivyokuwa vingi niliviona. Damu ikiwa imejaa vimelea, hata rangi mbovu haiwezi kuvificha vyote. Waliopotea ni wale wenye vichache, ambao hasa ndio tunaotakiwa kuwakamata mapema kabla ugonjwa haujawa mkali. Nilitazama nyuga 100 za tone nene kama inavyoagizwa kabla ya kuandika kwamba hakuna. Sikufanya haraka. Nataka hilo lijulikane, kwa kuwa watu hudhani makosa ya maabara ni ya wavivu. Nilikuwa na bidii, nikiitumia kutazama mahali ambapo nilikuwa nimeshapafuta.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kunizuia. Kila bafa mpya lazima ipimwe pH kabla ya kutumika, na namba iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyeitengeneza. Ikiwa imepotoka, inarekebishwa kidogo kidogo kwa myeyusho wa asilimia 2 wa chumvi moja au nyingine hadi ifike 7.2. Mashine yetu ya pH ilihitaji kusawazishwa, na vimiminika vya kuisawazishia vilikuwa vimekwisha. Karatasi za pH zilikuwamo kabatini. Ningeinuka, ningefungua kabati, ningechovya, na ndani ya dakika moja ningejua. Niliandika tarehe, nikaandika jina langu, nafasi ya pH nikaiacha wazi nikikusudia kuirudia. Nimetengeneza bafa hii miaka mingi, nilijiambia, itatoka wapi namba nyingine?

Mlango wa pili uligongwa na kijana mmoja, utingo wa lori. Alikuja jioni, homa imempanda, macho mekundu, akasema wametoka Mombasa na wanaondoka usiku uleule. Mwenzangu alimfanyia kipimo cha haraka, kile cha kipande cha plastiki chenye mistari, na mstari wa malaria ukajitokeza, hafifu lakini upo. Mimi nikasoma slaidi yake. Hakuna kitu. Tabibu akanijia mwenyewe hadi kidirishani kuniuliza tufuate kipi.

Nilimpa jibu la kitaalamu, na kila kilichokuwamo ndani ya jibu hilo ni kweli. Nilimweleza kwamba kipimo cha haraka hakitafuti kimelea chenyewe, hutafuta protini ambayo kimelea hiki cha falciparum huiacha kwenye damu, na protini hiyo hukaa majuma baada ya mtu kupona. Kijana mwenyewe alikuwa amesema alimeza AL, dawa ya malaria, wiki mbili zilizopita. Basi mstari ule ni mabaki, nikasema. Hadubini ndiyo hakimu. Tabibu akanishukuru, kijana akapewa dawa ya kutuliza homa, akapanda lori.

Vipimo viwili vilipingana na mimi nikakihukumu kile ambacho si changu. Haikunipitia akilini, hata kwa nukta, kwamba shahidi mwongo anaweza kuwa slaidi yangu. Ujuzi wangu ndio ulionipa maneno ya kujifungia ukweli nje. Mtu asiyejua habari za ile protini angesema mpeni dawa, na angekuwa sahihi.

Mtoto alikuja katika majuma hayohayo. Wazazi wake wanafanya kazi Pwani, naye alikuwa ameletwa kwa bibi yake shule zilipofungwa. Bibi ni mama wa makamo kutoka upande wa Kasikeu, nami namwita susu kama wengine wote wanavyomwita. Slaidi ya kwanza niliandika hakuna vimelea. Wakarudi nyumbani na dawa ya kifua. Waliporudi kwetu mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima na hajitambui, na safari hii vimelea vilijaa hata kwenye rangi yangu iliyopauka. Akadungwa sindano ya atesuneti, akatiwa kwenye gari kwenda hospitali kubwa. Alipona, Mungu ashukuriwe. Siku ile nilimwambia tabibu kwamba vimelea huenda viliibuka baada ya kipimo cha kwanza, kwa kuwa hilo nalo hutokea. Kila nilipotafuta sababu, niliipata.

Niliigundua chumvi kwa njia isiyo na ushujaa wowote. Bafa iliisha, nikarudi kwenye chupa kutengeneza nyingine. Zile fuwele za kung'aa zilikuwa zimebadilika juu juu, zimefanya ukungu mweupe kama unga. Hewa yetu ni kavu, na chumvi hii ya maji 12 haivumilii hewa kavu: maji yake hutoka yenyewe na kuacha unga. Niliduwaa. Chumvi niliyoijua haina cha kukauka. Nikaizungusha chupa hadi lebo ikanitazama, nikasoma jina lote, na miguu ikalegea nikakaa kwenye kigoda.

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho kosa la pili.

Nilifunga mlango. Nikachovya karatasi ya pH kwenye mabaki ya bafa ya zamani, nikaona rangi ya 6.8, nikayamwaga yale maji kwenye sinki. Nikatengeneza mpya, safari hii gramu 2.52 za fuwele, na kwa kuwa zilishaanza kukauka na hesabu peke yake isingetosha, nikaipima pH na kuirekebisha hadi 7.2 kamili. Nikaandika namba hiyo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Nafasi ya juu yake, ile iliyo wazi, sikuigusa. Sikumwambia mtu. Niliamua kwamba kosa limekwisha kwa kuwa limesahihishwa.

Nilijua kwamba halijaisha. Rejista ilikuwa mezani pangu, na ndani yake mlikuwa na majina ya watu wote niliowaandikia kuwa hawana vimelea, pamoja na vijiji vyao na namba za simu za wengi wao. Siku ileile ningeweza kumwambia msimamizi, na siku ileile simu zingepigwa. Niliwaza kuhusu leseni yangu. Niliwaza kuhusu bodi yetu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ili kumlinda mgonjwa dhidi ya mtu kama mimi wa siku ile. Niliwaza watasemaje pale mjini, ambako kila mtu ananipungia mkono. Kuhusu utingo na mtoto niliwaza pia, lakini niliwaweka mwisho, na kuwaweka mwisho ndiko ninakokuungama hapa.

Tuna desturi ya kuhifadhi slaidi, na baadhi yake hutolewa zikasomwe upya na jicho jingine ili kazi yetu ikaguliwe. Wakati wa kuzitoa ulipofika, nilichagua mimi. Nilichagua zilizotangulia chupa mpya na zilizofuata bafa mpya. Zile za katikati niliziacha kwenye sanduku. Hakuna aliyenituma. Ukaguzi ulirudi na sifa.

Palikuwapo mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, binti mtulivu, anayeandika kila kitu. Siku moja alileta daftari la bafa, akaweka kidole kwenye ile nafasi, akaniuliza, "Mwalimu, hii mbona haina pH?" Nilimkemea. Nilimwambia kwamba yeye amekuja kujifunza, hakuja kukagua wakubwa, na maneno mengine ambayo siyarudii. Aliinamisha macho akasema samahani. Nimemfundisha binti wa watu kwamba kuuliza swali sahihi ni utovu wa adabu, katika kazi ambayo mgonjwa hana ulinzi mwingine zaidi ya swali hilo. Niliporudi nyumbani sikuweza kula.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi kabla zamu haijaanza. Nilimweleza yote, chumvi, nafasi tupu, utingo, mtoto, slaidi nilizozificha. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniagiza nilete sanduku.

Tulizifuta mafuta slaidi zile, tukazitia rangi upya kwa bafa ya 7.2. Si zote zilizokubali, lakini nyingi zilikubali. Alizisoma yeye kwanza, kisha mwenzangu, kisha mimi, kila mtu akiandika yake bila kuona ya mwingine. Ile ya kwanza ya mtoto nilikuwa nikiiogopa. Sikuhitaji nyuga 100. Pete za kwanza nilizikuta kabla sijafika 10, viini vyekundu, miili ya buluu, zimetulia pale pale zilipokuwa siku ile nilipoandika hakuna. Ya utingo nayo ilikuwa na vimelea, vichache lakini vya wazi. Ule mstari wa kipimo cha haraka haukuwa mabaki.

Tulipiga simu. Wengine walikuwa wameshapona kwa dawa walizonunua wenyewe dukani, wengine walikuja tukawapima tena. Namba ya utingo haikupatikana. Tulijaribu kupitia madereva wanaoegesha hapa, lakini rejista ilikuwa na jina moja tu, la kawaida, na kwenye nafasi ya kijiji imeandikwa safarini. Sijui alifika wapi na homa ile. Kila lori linalotoka Pwani jioni nalitazama upande wa abiria.

Kwa susu nilikwenda mwenyewe, pamoja na msimamizi. Tulikaribishwa, tukaketi chini ya mwembe, mtoto mwenyewe akatuletea maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za fosfeti kwa lugha nyepesi, nikaanza, akaniinulia mkono nikanyamaza.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba nilijua tangu kabla mtoto hajatoka hospitali.

"Na mimi nilikuwa nalala sakafuni kule," akasema, "najiuliza nilimkosea wapi mjukuu wangu. Najiuliza kama nilichelewa kumleta. Daktari, nilikuwa sijachelewa."

Sikuwa na neno. Kwa habari ya chumvi hakuuliza tena, wala sidhani ilimhusu. Gramu, nukta na molekuli 12 ni mzigo wangu na wa wenzangu wa kazi. Alichonyang'anywa yeye ni haki ya kujua kwamba alimleta mtoto kwa wakati, na hiyo nilimnyang'anya kwa majuma yote niliyokaa kimya, nikiwa na jibu mdomoni. Aliniambia amesamehe, kisha akaongeza kwamba baba yake mtoto ana haki ya kusikia kutoka kwangu pia, na akanipa namba. Nilimpigia. Yeye hakusamehe, na sina la kumdai.

Adhabu nilipewa, nimeitumikia, na nimeruhusiwa kurudi kwenye hadubini chini ya usimamizi. Binti wa mafunzo nilimwomba radhi mbele ya wenzake wote, na ndiye aliyepewa kazi ya kupima pH ya kila bafa hadi muda wake ulipokwisha. Aliifanya vizuri.

Nayaandika haya kwa ajili ya maabara nyingine ndogo kama yetu, kwa kuwa chupa hizi zinazunguka na bei ya ile yenye maji 12 mara nyingi huvutia. Si mbaya. Inafaa kabisa, mradi uijue. Kwa lita 1, mahali pa gramu 1.0 ya ile kavu pima 1.25 ya yenye maji 2, au 1.89 ya yenye maji 7, au 2.52 ya yenye maji 12, pamoja na ile 0.7 ya potasiamu, halafu usimwamini hata mmoja wetu hadi umechovya karatasi. Chupa ikiwa ya fuwele na imefanya unga juu, hesabu yake imeshaharibika, pH pekee ndiyo itakayokueleza. Na kama ukifungua daftari lako usiku huu ukakuta nafasi iliyo wazi, usianze na sinki. Anza na rejista ya wagonjwa, chukua simu.